Namba Chini ya Amplifaya

Mdogo wangu Tello alikuwa hasikii kabisa kwa sikio la kushoto, na la kulia lilianza kumsaliti alipofika miaka thelathini na tano. Hata hivyo vijana walivuka jiji zima la San Antonio kumletea magari yao awafungie muziki. Alikuwa na namna yake. Akishaunganisha nyaya, aliwasha redio, akafungua sauti nusu, kisha akaweka kiganja juu ya paa la gari na kufumba macho. Alisimama hivyo kama mkunga aliyeshika tumbo la mjamzito. Halafu alisema, "Spika ya kulia ina skrubu moja imelegea." Wakifungua, wanaikuta imelegea kweli.

Jina lake la ubatizo ni Eleuterio Bazaldúa, lakini jina hilo lilibaki kanisani na mahakamani. Kwetu alikuwa Tello tu.

Tulikulia barabarani. Kila mwezi wa Mei baba alitupakia kwenye lori pamoja na magodoro, tukaenda kaskazini kuchuma cheri na matango. Mwaka mmoja redio ya lori ilikufa kabla hatujatoka Texas. Baba aliingiwa na hofu, maana redio ndiyo iliyomzuia asisinzie kwenye usukani. Tello alikuwa na miaka tisa. Aliifungua juu ya mapaja yake kwa kisu cha mezani, akatafuta mpaka akauona uzi uliokatika, akaufunga kwa karatasi ya bati iliyotoka kwenye pakiti ya sigara. Sauti iliporudi baba alifungua mlango wa mbele. Alimpa Tello kiti cha mbele, na mimi niliyekuwa mkubwa nikahamishiwa nyuma kwenye magodoro. Sikumsamehe mpaka tulipofika Michigan.

Alipokuwa na miaka ishirini na mmoja alifungwa miezi kumi na minne. Alikutwa na rimu nne za gari zisizo zake, na hakutaka kusema nani alimpa azitunze. Alipotoka, mama alikuwa ameshazikwa. Nilimpokea kituo cha basi, na neno la kwanza aliloniambia lilikuwa hili: "Dada Lula, kuanzia leo kitu kikija mkononi mwangu nitakiuliza kinatoka wapi."

Nilimpa banda la gari nyuma ya nyumba yangu. Hapo ndipo alipofanyia kazi zake miaka kumi na minne, na hapo ndipo mwanangu Rolando alipojifunza kushika bisibisi kabla ya kushika penseli vizuri. Baba yake Rolando alikwenda Chicago kutafuta kazi, akatuma kadi mbili za Krismasi, basi. Mtoto alipopandwa na homa, Tello ndiye aliyembeba. Siku ya ubatizo Tello ndiye aliyeshika mshumaa. Kwa hiyo alikuwa mjomba, alikuwa padrino, yaani baba wa ubatizo, na kwa siku nyingi alikuwa baba.

Mimi ni mtu wa kuangalia. Shule niliiacha darasa la saba, na kazi yangu ni jikoni katika shule ya msingi, lakini macho yangu hayakuacha shule. Najua nani mtaani amebadilisha kufuli na kwa nini. Tello alikuwa akinicheka. "Dada, wewe wangekuajiri mpakani," alisema. "Hata nzi asingevuka bila kitambulisho."

Mwaka 1996 Rolando alimaliza shule na kupata nafasi ya kujifunza ufundi kwenye kambi ya ndege za jeshi. Mtu wa mtaa wetu akiingia kambi ile, amepata mshahara, matibabu na pensheni mpaka kaburini. Lakini kwenye geti lile hupiti hivi hivi. Wanakuchunguza mpaka bibi yako. Kila mwaka wanakuchunguza tena, na doa moja la wizi, hata la kukutwa na kitu cha wizi, linatosha kukurudisha nyumbani. Rolando alikuwa na miaka kumi na tisa, na jina lake lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Mimi nilikuwa nalala na kuamka nalo jina hilo.

Alikuwa na gari, Cutlass ya buluu ya mwaka 1981, aliyoinunua kwa kukata nyasi za watu. Basi jamaa wakasema lazima afanyiwe jambo. Kwetu shughuli haibebwi na mtu mmoja. Msichana akitimiza miaka kumi na tano, keki ina padrino wake wa kuigharamia, viatu vina padrino wake, hata ule mto wa kupigia magoti kanisani una padrino wake. Vijana nao wakaanza kufanya hivyo hivyo kwa muziki wa gari. Redio ya Rolando ilitolewa na mwenye duka la matairi. Spika zilitoka kwa mama mmoja wa kwaya. Nyaya na betri ya pili vilitoka kwa jirani yetu mzee Práxedes. Na kitu kikubwa kuliko vyote, amplifaya, mashine ya kukuza sauti, kilitoka kwa Tello.

Aliitoa Jumapili, uani kwangu, mbele ya watu wote, tukiwa tumeshakula nyama ya kichwa cha ng'ombe na chapati za mahindi. Ilikuwa ndefu kama mkono, nyeusi, nzito kama matofali mawili. Vijana walipoiona waliguna kwa pamoja.

"Rolo, usiiwashe karibu na kanisa," Tello alisema. "Padri ataanguka mimbarini, mimi sitaki dhambi hiyo."

"Tazameni!" mzee Práxedes akapiga kelele. "Kiziwi anamnunulia mtoto uziwi!"

"Bora uziwi wa muziki, mzee. Wako ulikuja siku ya ndoa."

Mke wa Práxedes akamtupia Tello ganda la limau. Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Rolando hakucheka. Alimkumbatia mjomba wake na kumng'ang'ania, uso kwenye bega, kijana mrefu kama mlango. Niliangalia pembeni.

Tello alimtengenezea kasha la spika kwa mikono yake, akafunga kila kitu ndani ya buti kwa siku tatu. Siku ya nne Rolando alibandika kwenye kioo cha nyuma stika zenye majina ya kampuni za spika. Nilitoka na wembe.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafuta barua. Unawaandikia wezi barua, na anwani umeweka."

"Mama, kila mtu anabandika."

"Na kila mtu anaibiwa."

Sikuwa nasema uongo. Mwaka ule Jumatatu asubuhi nikienda kazini nilikuwa nakanyaga vioo njia nzima, vinalia chini ya viatu kama chumvi ya mawe. Wezi walikuwa wanapenda Jumapili, watu wakichoka na sherehe. Mtaa wa pili kijana alitoka kuwazuia, wakamvunja taya. Mimi jambo hilo ndilo lililokuwa linanitafuna. Amplifaya yenyewe haikuninyima usingizi. Akilini nilimwona Rolando akisikia kioo kinavunjika, akitoka na kaptula, mikono mitupu. Nikafikiri, kama vitu vina bima, nitamwambia: kaa ndani mwanangu, waache wabebe, tutalipwa. Bima niliitaka ili abaki ndani.

Nilikwenda kwa Bi Ofelia Cantú, wakala aliyekuwa na ofisi ndogo kando ya duka la kufulia nguo. Alinisikiliza, akafungua faili letu.

"Mama, hii bima mliyonayo inalipa gari kama lilivyotoka kiwandani," alisema. "Kilichoongezwa baadaye hakimo. Wakivunja wakabeba muziki, mtalipwa kioo."

"Kioo tu?"

"Kioo tu. Wengi wanajua siku ya kilio. Lakini kuna hati ya nyongeza. Unaorodhesha kila kitu kilichofungwa, unaleta picha na risiti."

Nikamwambia vyote ni vya padrino. Bi Ofelia naye ni mtu wa kwetu. Akaguna, akaweka kalamu chini. Huwezi kumwendea padrino ukamwambia nipe risiti. Ni kama kumuuliza zawadi yake ilikuwa ya bei gani, au kama aliinunua kweli. Watu wamekatana undugu kwa neno dogo kuliko hilo.

"Basi fanya hivi," alisema. "Acha risiti. Niletee namba ya kiwandani ya kila kitu, na picha zinazoonyesha namba. Nitazipitisha."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nikaazima kamera ya shule, nikaingia ndani ya buti ya Cutlass kwa mgongo na tochi mdomoni. Rolando alikuwa amesimama nje akicheka. "Mama, majirani watadhani nimekuua!" Namba ya redio niliipata, za spika nikazipata. Kwenye amplifaya kulikuwa na kibati kidogo pembeni, mahali namba ilipotakiwa kuwa, na kibati kile kilikuwa laini. Kilikuwa kimepigwa msasa mpaka kinang'aa.

Hapa sitajificha. Nilikiona. Nilipitisha kidole juu yake, nikajiambia kimekwaruzwa wakati wa kufunga. Mimi ninayejua nani kabadilisha kufuli, nilijiambia hivyo na nikakubali. Tello alikuwa bandani, hatua ishirini kutoka pale, nasikia nyundo yake. Ningemwita tu. Lakini ningemuuliza nini? "Zawadi yako mbona haina namba?" Huyo ni padrino wa mwanangu. Nikaona aibu.

Nikatoa kioo changu cha poda, nikakipitisha chini ya amplifaya, kwenye uwazi mdogo uliobaki kati yake na ubao. Huko chini kulikuwa na kibandiko cha karatasi, kidogo kama stempu, ambacho aliyepiga msasa hakukijua. Herufi mbili na tarakimu saba, zimegeuka kwenye kioo. Nilizinakili moja moja, nikazisoma tena mara tatu. Nikapiga picha kibati, nikapiga picha kibandiko. Nilitoka ndani ya buti na mavumbi kichwani, najiona mwerevu kuliko wote wa mtaa.

Waliivunja Cutlass mwezi wa Oktoba. Rolando alitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini, nikamsikia akiita "Mama" mara moja tu, sauti ya mtoto. Kioo cha nyuma hakikuwepo. Kasha la Tello lilikuwa limeng'olewa na skrubu zake, nyaya zimekatwa kwa kisu kizuri, ncha zimelingana. Hakuna aliyesikia kitu. Hakuna aliyeumizwa. Nilifanya ishara ya msalaba nikasema asante, kisha nikaingia ndani kupiga simu kwa Bi Ofelia.

Tello alipofika alichungulia ndani ya buti kwa muda. Alimpiga Rolando begani.

"Usijali, Rolo. Nitakutengenezea nyingine. Kasha lile pembe moja lilikuwa limepinda kidogo, lilikuwa linanikera."

"Hutengenezi kwa gharama yako," nikamwambia. "Safari hii watalipa. Vitu vina bima."

"Kioo kina bima."

"Vitu, Tello. Vyote. Nimeviandikisha tangu Juni, na namba zake."

Akanigeuzia lile sikio lililobaki, la kulia. "Namba za nini?"

"Za kila kitu. Redio, spika, amplifaya."

"Amplifaya haina namba, dada."

Alisema taratibu, kama mtu anayemwambia mtoto kuwa duka limefungwa. Nikamtazama. Rolando naye akamtazama. Sikumbuki nani alikuwa wa kwanza kuelewa, nadhani ni sisi wote kwa mara moja.

"Chini ina nyingine," nikasema. "Kwenye karatasi."

Tello akakaa juu ya ukingo wa barabara, katikati ya vioo. "Wapigie," alisema. "Waambie mmeghairi. Mmevipata."

"Nimeshapiga, Tello. Wameshaandika."

Baada ya siku tisa alikuja mkaguzi wa bima, mtu mrefu mwenye shati la mikono mifupi, jina lake Haskell. Alikaa mezani jikoni kwangu. Nilimwekea kahawa, hakuigusa. Rolando alikaa mbele yake kutafsiri, ingawa nilikuwa naelewa kuliko walivyodhani. Mkaguzi alitoa picha zangu mwenyewe, zile nilizopiga ndani ya buti, akazipanga kama karata.

Alisema namba ile ya chini kompyuta inaijua. Kampuni nyingine ilishalipa kwa ajili yake miaka miwili nyuma, huko Corpus Christi. Mwenyewe aliitwa Macario Luera. Alikuwa amesimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, wakaja watu wawili kuchukua muziki wake, akakataa kutoka ndani ya gari. Walimpiga kichwani kwa chuma.

"Alikufa?" niliuliza mwenyewe, kwa Kiingereza changu.

Haskell akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hapana, mama. Ana miaka ishirini na minne. Mama yake anamlisha kwa kijiko."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha sahani, nakikunja, nakikunjua.

Kisha akamgeukia Rolando, akaweka kidole juu ya picha ya kile kibati laini. Alisema kuna mtu aliyefuta namba, na kufuta namba ni kosa lenyewe. Akamuuliza aliipata wapi.

Najua ninachosema: yule mtoto hakufikiri hata kidogo. "Nilinunua kwenye gulio la Jumapili," alisema. "Kwa mtu nisiyemjua."

Mkaguzi aliandika. Akamuuliza anafanya kazi wapi, Rolando akasema kambini. Aliandika hilo pia, na kalamu yake ikasita kidogo. Alipokuwa anasimama alisema, si kwa ukali, kwamba faili litakwenda polisi Ijumaa. Kama katika nyumba hii kuna mtu anayejua zaidi, aseme kabla ya Ijumaa, kwa sababu baada ya hapo jina lililopo ni moja tu.

Alipotoka nikamshika Rolando mkono. "Kwa nini umesema hivyo?"

"Ulitaka niseme nini? Mjomba ameshafungwa mara moja. Safari ya pili hawamhurumii. Mimi sina kitu, watanipa onyo."

"Na kambi?"

"Kambi ni kazi tu, mama."

"Kazi tu! Unasema kazi tu!"

"Usiende kumwambia," alisema. "Nakuomba. Nimeshasema, imekwisha."

Ilikuwa Jumanne. Jumatano nilivikata vibaya vitunguu vya watoto mia tatu, msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa namfikiria Macario Luera, halafu mama yake, na kijiko. Nilikuwa namfikiria Tello kwenye kiti cha mbele cha lori. Kisha nilikuwa namfikiria Rolando amesimama mbele ya geti la kambi, mlinzi anamrudishia kitambulisho. Picha hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa inarudi, na kila iliporudi zile nyingine zilisogea nyuma kidogo. Namwambia msomaji kama ilivyokuwa.

Alhamisi mchana nilikwenda bandani. Tello alikuwa amelala chini ya dashibodi ya gari la mteja, miguu nje.

"Tello."

Hakusikia. Nikampiga mguu kwa kiatu, akatoka.

"Mkaguzi alikuja," nikasema.

"Rolo ameniambia hakusema kitu cha maana. Ameniambia kila kitu kiko sawa." Akafuta mikono. "Anadanganya kama wewe, anaangalia masikio ya mtu."

Nikamweleza yote. Gulio, mtu asiyejulikana, Ijumaa. Nilipofika kwa Macario Luera alinisimamisha.

"Rudia."

Nikarudia karibu na sikio lake. Alikaa juu ya ndoo ya rangi, akatazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Niliinunua gulioni kweli," alisema. "Jamaa alikuwa nayo ndani ya blanketi. Bei yake ilikuwa ya kitu kisicho na mama. Nilijua si safi, dada. Nilijua. Niliipiga msasa mwenyewe. Lakini nilifikiri ni ya duka, au ya tajiri fulani mwenye bima. Nilifikiri mwenyewe ameshalipwa na ameshasahau."

"Ulisema utauliza kitu kinatoka wapi."

"Niliuliza miaka kumi na minne!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Mara moja tu sikuuliza. Wale wengine walileta vitu vya dukani. Nilitaka cha kwangu kiwe kikubwa. Kiziwi aliyewahi kufungwa, ana banda kwa dada yake. Nilitaka siku moja kiwe kikubwa."

Nje kuku wa Práxedes walikuwa wanagombana. Nilingoja aseme lile jambo mwenyewe. Hakusema. Alinigeuzia sikio la kulia na kuningoja mimi.

"Umekuja kuniambia nini, Lula?"

"Unajua."

"Sijui. Mimi kiziwi. Sema."

"Tello..."

"Nikikuamulia, miaka yote utajiambia ni mimi niliyetaka. Sema kwa mdomo wako, dada."

Nikasema. "Nenda." Nadhani nilisema kwa sauti ndogo, lakini hilo alilisikia.

Alitikisa kichwa kukubali. Akasema, "Ngoja nimalizie la huyu, alishalipa nusu." Akarudi chini ya dashibodi, akaunganisha nyaya zilizobaki, akaweka fyuzi, akawasha. Kisha akatoka akaweka kiganja juu ya paa na kufumba macho. Safari hii alikaa sana. "Iko sawa," alisema, akazima. Alifunga masanduku yake ya vifaa moja baada ya jingine, ufunguo akanipa mimi.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilimpeleka polisi mwenyewe. Rolando alikuwa kazini. Njiani Tello aliomba tusimame anunue mkate mtamu, akala wote, makombo yakajaa kwenye shati. "Kule wanautengeneza kwa saruji," alisema. Mlangoni alinibusu kwenye paji la uso, akaingia bila kugeuka.

Walimpa miaka sita kwa sababu ilikuwa mara ya pili. Wale waliompiga Macario Luera hawakupatikana. Tello aliwaeleza sura ya yule mwenye blanketi, na gulio lina watu elfu. Bima haikulipa amplifaya, na ni haki. Walilipa redio, spika na kioo.

Rolando hawakumgusa. Mkaguzi, yule mtu aliyeacha kahawa yangu, alibadilisha maelezo ya Rolando kwenye faili, na kambi haikujua lolote. Leo Rolando anatengeneza injini za ndege zinazobeba watu mia tatu. Siku Tello alipohukumiwa, Rolando alirudi nyumbani, akapanga nguo zake kwenye mifuko miwili, na mimi nimesimama mlangoni.

"Nilifanya kwa ajili yako," nikamwambia.

"Najua, mama. Ndiyo maana siwezi kukaa." Alipita pembeni yangu kwa uangalifu, kama unavyompita mgeni kwenye basi. "Kazi ningepata nyingine. Mjomba mwingine nitampata wapi?"

Huja siku ya Krismasi. Hula tamale mbili za mahindi amesimama, huacha pesa chini ya chombo cha chumvi, huenda. Cutlass aliiuza. Kila mwaka kampuni ya bima hunitumia barua kuniuliza kama nataka kuendelea na ile hati ya nyongeza, na nyuma yake wameambatisha nakala ya orodha niliyoiandika, herufi zangu mbaya, namba zote. Nimewapigia simu mara mbili waifute. Wanasema imefutwa.

Barua ya kumwandikia mama yake Macario Luera nimeianza mara nyingi. Siendi mbele ya "Mpendwa mama."

Gereza liko mwendo wa saa nne. Naenda kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Mnakaa mmetenganishwa na kioo kinene, kila mmoja na mkono wa simu. Mwaka wa kwanza Tello alikuwa akisikia kidogo akibana simu sana kwenye sikio la kulia. Mwaka wa pili akawa anatazama midomo. Aliomba daktari, wakamwandika kwenye orodha. Safari ya mwisho nilimweleza habari za Práxedes, kwamba mkewe amemfukuza chumbani kwa ajili ya kukoroma. Alitabasamu mahali pasipostahili. Nikajua hakuna kinachoingia tena.

Akaweka simu mezani. Akanyanyua mkono, akabandika kiganja kwenye kioo, akafumba macho.

Nami nikaweka simu chini. Nikasogeza mdomo karibu na kioo, mpaka kikapata ukungu wa pumzi yangu, na watu wa viti vya jirani wakanigeukia. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, yote yalikuwa tayari tangu nyumbani. Nikamwambia kuwa Rolando hajambo. Nikamwambia banda halijavuja. Nikaanza kumwambia jambo la tatu, nikashindwa, nikabaki natoa sauti tu.

Alifungua macho. Sauti yake sasa ni kubwa, hawezi kuipima, nikaisikia hata bila simu.

"Kioo kinene mno, dada," alisema. "Hakuna kinachopita."

Lakini mkono hakuuondoa mpaka askari alipomgusa bega.